Sihisi chochote wakati wa kuabudu. Je, Mungu ananipokea?

Dada yangu wa Morogoro,

Nakujibu hapa gazetini kwa kuwa wako wengi wenye swali kama lako wasiothubutu kuliuliza. Unasema kipindi cha kusifu na kuabudu kikianza wenzako hunyosha mikono na kulia, nawe umesimama mkavu, unawaza kama mama mkwe amegeuzwa kitandani. Kiongozi wa sifa amekuambia huabudu katika roho. Na tangu mama mkwe apooze, Jumapili nyingine huendi kanisani kabisa.

Kiongozi huyo amekosea, na neno lake limekuumiza bure. Yesu alipofundisha kuhusu kumwabudu Baba katika roho na kweli, hakuwa hekaluni wala mkutanoni. Alikuwa kwenye kisima cha Yakobo, Samaria, saa sita mchana, amechoka na safari, anazungumza na mwanamke mmoja aliyekuja kuteka maji. Wasamaria walikuwa na mlima wao, Gerizimu, na Wayahudi walikuwa na Yerusalemu. Ugomvi wa mahali pa kuabudia ulikuwa mkali: zaidi ya miaka 100 kabla ya siku ile, mtawala wa Kiyahudi Yohana Hirkano alilibomoa hekalu la Wasamaria kule mlimani. Mwanamke alitaka kujua upande upi una haki. Yesu akauhamisha mjadala kutoka mahali akaupeleka kwa mwenye kuabudu.

Tena angalia swali hilo la mlima lilizuka lini. Lilizuka mara tu Yesu alipogusa habari za nyumbani kwa mwanamke huyo, za waume watano aliokuwa nao. Kujadili ibada ni kwepesi kuliko kuulizwa ya nyumbani.

Sidharau hisia. Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la agano, na anayelia kwa toba na alie. Lakini Amosi, mfugaji kutoka Tekoa, alitumwa Betheli penye vinubi na sadaka nono, akatangaza kwamba Mungu amezichoka nyimbo zile, kwa sababu malangoni, mahali pa kuamulia mashauri, maskini alikuwa akinyimwa haki yake. Muziki haukuwa na ubaya wowote. Waimbaji ndio walioishi kinyume cha walichoimba.

Wewe umeniandikia kwamba usiku unatega simu ikuamshe kila baada ya saa mbili umgeuze mama mkwe asipate vidonda vya mgongo, unampaka mafuta visiginoni, na akijichafua unabadilisha shuka huku ukimsimulia habari za majirani ili asione aibu. Dada, masimulizi hayo ya saa nane za usiku yamenigusa kuliko yote. Yakobo katika waraka wake alipoeleza dini iliyo safi aliwataja yatima na wajane katika dhiki yao, na huyo uliye naye ni mjane. Mtolee Mungu kazi hiyo kwa kinywa chako mwenyewe unapokunja shuka. Ni ibada, na wala si ya daraja la pili.

Usijitenge na kusanyiko, hata hivyo. Mwombe mchungaji awaletee Meza ya Bwana nyumbani, nyote wawili. Kuwatembelea wagonjwa ni sehemu ya utumishi wake. Iombe jumuiya yenu ya sala ikutane kwako mara mojamoja. Na mawifi zako wapokezane Jumapili, maana ni mama yao.

Limebaki lile uliloliweka mwisho wa barua kama jambo la pembeni: hamjasalimiana na kaka yako tangu shamba la marehemu baba ligawanywe, na mkosaji ni yeye. Inawezekana kabisa. Lakini Yesu alipozungumzia mtu aliyefika madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, hakuuliza nani mkosaji. Alimtaka aiache sadaka palepale akapatane kwanza. Aliyasema hayo Galilaya, kwa watu ambao madhabahu yao ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Walielewa vizuri gharama ya kurudi nyumbani na kuiacha sadaka pale. Kama kuna kitu kinachozuia ibada yako, ningekitafuta hapo kabla ya kukitafuta kwenye machozi.

Sikuambii uache haki yako. Wazee wa ukoo wapo, baraza la kata lipo, na shauri la shamba liendelee. Salamu ndiyo isingoje hukumu.

Mpigie kaka yako wiki hii. Asipopokea, mpigie tena wiki ijayo. Na Jumapili ukipata nafasi, nenda kasimame ibadani jinsi ulivyo, hata macho yakiwa makavu, umwimbie Mungu wako.