Konea Iliyochongoka: Tiba Huizuia, Haiirudishi

Mtoto anayewashwa macho na vumbi la kiangazi huyafikicha bila kukoma. Kufikicha huko huchangia keratokonasi: konea, kioo cha mbele ya jicho chenye unene wa takriban nusu milimita, hulegea na kuchongoka, hata miwani isisaidie.

Mwaka 2003 madaktari wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo ya tiba ya macho 23: matone ya vitamini B2, kisha mwanga wa urujuanimno kwa dakika 30. Nyuzi za konea hushikamana, nayo hukakamaa. Utando wa juu uliokwanguliwa huota tena baada ya siku chache. Ukungu huweza kudumu miezi. Ugonjwa husimama, lakini umbo lililokwisha kupotoka kwa kawaida halinyooki kikamilifu. Mzazi ambaye mwanawe hubadilishiwa miwani kila mara na aombe rufaa mapema.