Betri ya pikipiki haikai na chaji: pima kwanza, nunua baadaye



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza mishahara, likizo na viatu vya kazi. Leo tunazungumza betri ya pikipiki, na asije mtu akasema tumeiacha kazi ya chama. Hapa Gisenyi mwenzetu anayeingia zamu alfajiri, awe wa kiwanda cha bia kule Nyamyumba au wa chai upande wa Pfunda, hawezi kutegemea gari la abiria katika giza. Pikipiki ndiyo miguu yake. Siku isipowaka, amechelewa, na aliyechelewa anakatwa.

Ndugu mmoja wa chai alichelewa mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya tatu nyapara alimrudisha nyumbani, na siku ile haikulipwa. Kila mara sababu ilikuwa ileile: anabonyeza stata, inalia "tik" tu, taa inafifia. Fundi wa barabarani alimwambia betri imekufa. Akachukua fedha yake ya ikimina akanunua mpya, na ile ya zamani akamwachia fundi kwa bei ya chuma chakavu. Wiki tano baadaye betri mpya nayo ikafanya vilevile. Ndipo alipokuja kwetu kuomba mkopo wa betri ya tatu. Tukubali kosa letu: kalamu ilikuwa tayari mkononi. Mjumbe mmoja wa kamati, ambaye kazi yake ni umeme wa mashine, ndiye aliyetuzuia. Alisema: "Leteni kwanza pikipiki yenyewe."

Tuliyojifunza siku ile ndiyo somo la leo.

Betri haitengenezi umeme wa safari nzima. Kazi yake ni kuweka akiba. Umeme unatengenezwa na koili zilizo ndani ya injini. Unapita katika reguleta, ambayo inaunyoosha na kuupunguza ukizidi, ndipo unaingia katika betri. Taa, honi, indiketa na stata vinatumia. Kwa hiyo ni kama nyumba ya mfanyakazi: kuna mshahara unaoingia, kuna mfuko, na kuna matumizi. Fedha ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, huenda mfuko umetoboka, huenda mshahara ni mdogo, huenda kuna mkono unaochota usiku. Kununua mfuko mpya kunamsaidia yule wa kwanza peke yake. Wengine wawili wataumaliza na huo mpya.

Anzeni na mfuko. Betri ya asidi na risasi, aina aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ndiyo bado inayofungwa katika pikipiki nyingi za petroli. Ile ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti mbili na kidogo. Chukueni mita ya kupimia umeme, ile ambayo mafundi huiita maltimita, iwekeni kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Msipime mara tu baada ya kuzima injini, maana betri iliyotoka safarini huonyesha namba ya uongo kwa muda. Ngojeni saa kadhaa. Vizuri zaidi ni kupima asubuhi kabla ya kuwasha.

Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 hadi 12.8. Volti 12.2 ni karibu nusu. Volti 12.0 ni njaa, na chini ya hapo ni kama tupu. Ikisoma karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku mzima, hesabu ni nyepesi: volti mbili zimepotea, yaani chumba kimoja kimekufa. Hiyo ndiyo betri ya kubadilisha, wala hapana ubishi.

Lakini volti za kupumzika hazitoshi, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 ikiwa haina kazi. Ipeni kazi. Mmoja abonyeze stata, mwingine atazame mita. Betri nzima itashuka na kubaki karibu na volti 10 au zaidi, kisha itapanda tena. Iliyochakaa itaanguka hadi nane, saba, au chini zaidi. Kipimo hiki kifanyeni baada ya kuijaza, la sivyo mtaihukumu betri kwa njaa badala ya ugonjwa.

Kujaza nako kuna adabu yake. Chaja ipeleke kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Betri ya ampea-saa 5 ipewe nusu ampea, kwa saa kumi au zaidi kidogo. Yule anayeifunga kwenye chaja ya lori kwa saa moja ili aiwahi, anaichemsha. Kama betri ni ya kufunguliwa vifuniko, tazameni maji kabla ya kuchaji: yawe kati ya mstari wa chini na wa juu. Yakipungua, ongezeni maji safi ya betri, yale yaliyotoneshwa kwa mvuke. Msiongeze asidi, kwa maana kinachokauka ni maji, asidi inabaki. Wala msichote ziwani. Maji ya Kivu yanaonekana safi machoni lakini yamejaa chumvi za mawe, nazo huharibu sahani za ndani.

Kuna jambo jingine linaloua betri kimya kimya, nalo ni kukaa na njaa. Ikibaki tupu wiki nyingi, sahani za risasi hufunikwa na chumvi ngumu nyeupe ambayo baadaye haiyeyuki tena kwa chaji. Wengi wetu tuliliona katika kufungwa kwa mwaka 2020, pikipiki zilipolala nyumbani kwa ajili ya korona. Betri zilizoachwa zikiwa zimeunganishwa, bila kuchajiwa, nyingi hazikuamka. Na barabara zetu za mawe ya volkano zinaongeza: mtikisiko unadondosha unga wa sahani, unajikusanya chini, hatimaye unagusanisha sahani mbili. Kwa hiyo mpira na mkanda wa kuishikilia betri si mapambo.

Sasa mshahara. Acheni mita kwenye betri, washeni injini, taa iwe inawaka. Injini ikiwa inanguruma polepole, namba inaweza kuwa ndogo. Si ajabu kwa pikipiki ndogo. Pandisheni resi polepole hadi mizunguko elfu nne au tano. Volti zipande zifike kati ya 13.5 na 14.8 na zisimame hapo. Zikibaki kwenye 12 na kitu, au zikizidi kushuka, basi umeme haufiki. Zikipita 15, reguleta imeshindwa kuzuia: maji yataisha upesi na balbu zitaungua moja baada ya nyingine.

Umeme usipofika, msikimbilie kufungua injini. Kwanza waya. Chanya na hasi za betri zikiwa na unga mweupe au wa kijani, safisheni kwa maji ya uvuguvugu na brashi, kausheni, kazeni, kisha pakeni Vaseline. Fuateni waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye fremu au injini. Hapo panaposahauliwa ndipo panapooza. Fungueni plagi ya reguleta mtazame kama imeyeyuka au imekuwa nyeusi. Yote hayo yakiwa mazima, fundi apime koili: waya zake, zikiwa zimechomolewa, zitoe umeme wa AC unaopanda kwa resi, na waya ya kuchaji isigusane na mwili wa injini isipokuwa mtengenezaji ameifunga hivyo. Hapo mwachieni fundi, ila simameni karibu mtazame namba.

Na mkono unaochota usiku? Zimeni funguo. Ondoeni waya wa hasi. Mita iwekeni kwenye ampea, katikati ya nguzo ya hasi na ule waya mliouondoa, ili kila kinachopita kipite ndani ya mita. Anzeni na kipimo kikubwa, na msiguse stata wala kuwasha funguo wakati huo, mtaunguza fyuzi ya mita. Pikipiki ya kawaida isiyo na kengele ya wizi itaonyesha sifuri au miliampea chache. Tuseme mmeona 50. Zidisheni kwa saa 24: ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 5 itakuwa tupu siku ya nne au ya tano, hata kama hamkuipanda kabisa. Chomoeni vitu kimoja kimoja hadi namba ianguke. Mara nyingi ni kitu kilichoongezwa baadaye: chaja ya simu, kengele ya wizi, taa za ziada, kifaa cha kufuatilia pikipiki, vyote vimeungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia funguo.

Turudi kwa ndugu yetu wa chai. Asubuhi betri yake ilisoma 12.1. Tuliichaji usiku kucha, ikafika 12.7, na kwa stata haikushuka chini ya 10. Kumbe mfuko ulikuwa mzima. Funguo zikiwa zimezimwa, mita ilionyesha sifuri. Hapakuwa na mwizi wa usiku. Tukawasha injini. Kwenye resi ya juu namba ilifika 13.2, ikakataa kupanda. Tulianza kuisema vibaya reguleta, na pengine tungemnunulisha hiyo nayo, kama si mtoto wa jirani aliyekuwa akitutazama. Aliuliza kwa nini taa ya nyuma inawaka sana na hakuna aliyeshika breki.

Alikuwa amesema kweli. Springi ya swichi ya breki ya mguu ilikuwa imekazwa kupita kiasi siku alipobadilishiwa viatu vya breki, na taa ya breki ilikuwa haizimiki tangu anapowasha hadi anapofika. Balbu ile ni ya wati 21, yaani karibu ampea moja na robo tatu. Jumlisheni na taa ya mbele ya wati 35, gia ya kwanza na ya pili mlimani, safari fupi, na stata mara sita kwa siku. Mshahara ulikuwa unaliwa kabla ya kufika mfukoni. Tulilegeza nati ya swichi mizunguko michache. Taa ikazimika. Resi ileile, mita ikasoma 13.9.

Kazi yote ilihitaji spana moja. Betri ile ya kwanza, aliyoiacha kwa bei ya chakavu, yawezekana kabisa haikuwa na ugonjwa. Hatukuipima, na sasa haipo. Siku isiyolipwa tuliifuatilia kwa mwajiri bila mafanikio, kwa kuwa kuchelewa kulikuwa kwa kweli.

Wasio na mita wasikate tamaa. Usiku, elekezeni taa ya mbele ukutani na mpige honi: mwanga ukizama sana na honi ikikoroma, betri ina njaa au imechoka. Zimeni kila kitu mzunguke nyuma mtazame taa ya breki. Hivyo viwili havigharimu kitu. Kuna vipimo viwili vya barabarani ambavyo tunavikataza. Cha kwanza ni kuondoa waya wa betri injini ikiwa inawaka, eti kuona kama itaendelea. Volti huruka juu ghafla, na reguleta iliyokuwa nzima inaungua hapo hapo. Cha pili ni kugonganisha nguzo kwa spana ili kuona cheche. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche moja inatosha kuipasua usoni. Kwa sababu hiyohiyo msivute sigara hapo, na chajieni mahali penye hewa. Asidi ikigusa ngozi au jicho, maji mengi ya bomba bila kukawia, kwa dakika 20, kisha zahanati.

Wakati wa kufungua, hasi inatangulia kutoka. Wakati wa kufunga, hasi inakuwa ya mwisho. Betri iliyokufa kweli isimwagwe shambani wala isiyeyushwe nyuma ya nyumba kutafuta risasi, maana risasi inaingia katika damu ya watoto. Irudisheni kwa muuzaji anayepokea za zamani, na mwulizeni atapunguza kiasi gani katika bei ya mpya.

Mita ya kamati ipo kwa mweka hazina. Anayeitaka aje jioni baada ya zamu, aandike jina na tarehe katika daftari, airudishe kesho yake. Betri yake ndogo ya ndani ni mpya. Tafadhali zungusheni kitufe kwenye alama ya kuzima mkimaliza.