Chombo, Jua na Chumvi: Mwongozo kwa Wasafiri wa Bahari ya Tanga na Pangani

Mto Pangani hupokea maji ya Kilimanjaro na Meru, na maporomoko yake ya karibu na Hale hutumiwa kuzalisha umeme, kazi ambayo kituo cha Hale kilianza kuifanya mwaka 1964. Kwa kuwa hapo si mahali pa kupiga kafi, msafiri anayefika na kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa plastiki unaoendeshwa kwa kafi yenye bapa kila upande, huitumia zaidi karibu na mlango wa mto, penye mikoko na mamba, au baharini kati ya Tanga, Kigombe na Ushongo.

Katika pwani hii kifaa huliwa zaidi na jua na chumvi kuliko na kasi ya maji. Plastiki ya kayaki hulegea kwa joto, hivyo ikikazwa mno juu ya gari mchana kutwa hubonyea, na ikianikwa juani miezi mingi hupauka na hatimaye hupasuka. Chembe za mchanga hunasa kwenye zipu na kwenye maungio ya kafi za alumini, na chumvi ikikaukia humo vipande havitenganishiki tena; dawa ni kuvisuuza kwa maji ya kisima kila jioni na kuvianika kivulini. Jaketi okozi ndilo hudanganya zaidi, kwani huweza kung'aa kwa nje huku mikanda yake imeoza kwa jua, na kabla ya kulivaa inafaa kila mkanda uvutwe kwa nguvu.

Atakayekodi ngalawa, mtumbwi wa tanga uliochongwa aghalabu kwa mti wa mwembe na kuwekewa matengo, yaani mbao zinazoelea pande zote mbili ili usipinduke, ana mengi zaidi ya kukagua. Adui wa mbao ni funza wa baharini, ambaye kwa hakika ni jamaa ya chaza na hutoboa mbao kwa ndani huku tundu la nje likibaki dogo mno. Ndiyo maana vyombo hupandishwa pwani, vikapitishiwa moto wa makuti chini, kisha vikapakwa deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na mafuta. Vile vya kuunganishwa kwa mbao hutiwa kalafati, yaani pamba inayoshindiliwa kwenye mianya. Rangi mpya si ushahidi wa lolote. Kipimo kizuri ni maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo: nahodha asiyeuachia upo wake wa kutekea maji hata kabla ya kutweka tanga huyo aachwe.

Kisiwa cha Maziwe, ambacho ni hifadhi, ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa, kwa hiyo saa ya kuondoka hupangwa na maji, hasa wakati wa bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita meta 3 na matumbawe yanayoachwa wazi hukwangua chini ya chombo chochote kinachoburutwa. Kayaki inayoachwa ufukweni maji yakiwa yamekupwa ifungwe kwenye mnazi kwa kamba ndefu, kwa kuwa saa sita baadaye mahali hapo patakuwa bahari.