Kibao cha Historia Husomwa Vipi? Somo Kutoka Thika na Ruiru

Tangu Barabara Kuu ya Thika ifunguliwe rasmi mwaka wa 2012, safari ya Nairobi hadi Thika imekuwa fupi, na wengi hupita kando ya maeneo ya historia bila kugeuza shingo. Hata hivyo, maeneo hayo yanaeleza nani alichukua ardhi hii, nani aliifanyia kazi na jinsi watu walivyoungoja uhuru. Somo hili linamwelekeza mkazi, mzazi au mwalimu jinsi ya kuyatembelea na kujifunza.

Maswali manne ya kwenda nayo

Kibao, jiwe la kumbukumbu au kaburi ni ushahidi wa mtu fulani, na shahidi huulizwa maswali:

1. Kinamtaja nani?
2. Kiliwekwa na nani, na lini?
3. Kimemwacha nani nje?
4. Mahali penyewe panaonyesha nini ambacho hakikuandikwa?

Mfano wa kwanza: Bustani ya Mugumo, Thika

Mugumo ni mti mtakatifu kwa Wakikuyu. Chini yake wazee walitoa sadaka. Inasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu, alitabiri kuja kwa wageni pamoja na nyoka wa chuma, na kwamba utawala wao ungekoma siku mugumo wa Thika utakapoanguka. Masimulizi yanaendelea kusema kwamba wakoloni waliuzungushia mti huo chuma ili usianguke. Mwaka wa 1963, mwaka wa uhuru, mti ulianguka.

Hapa swali la pili lina uzito. Habari hii ilihifadhiwa kwa midomo ya wazee kabla ya kuandikwa popote. Mgeni asiyeuliza ataona bustani tu.

Mfano wa pili: Blue Posts na reli

Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka wa 1908, iko kati ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika. Wasafiri na walowezi walipumzika hapo. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka wa 1913, na mazao ya mashamba makubwa yakapata njia ya kwenda sokoni. Mwandishi Elspeth Huxley, aliyeletwa Thika na wazazi wake akiwa mtoto, aliutangaza mji huu ulimwenguni kwa kitabu chake cha mwaka wa 1959, The Flame Trees of Thika.

Hiyo ni historia ya kweli, lakini imetazamwa kutoka kwenye veranda ya mlowezi. Swali la tatu linaleta wengine: waliochimba tuta la reli, waliokata mkonge, na waliolazimika kutembea na kipande ili waruhusiwe kutafuta kazi.

Mfano wa tatu: makaburi ya Kilimambogo

Ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Machakos, upo mlima unaoonekana vizuri kutoka Thika. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wakikuyu huuita Kianjahi. Kwa Kiswahili ni Kilimambogo. Majina haya yalikuwapo kabla ya kibao chochote, na kila moja linaonyesha watu walioutazama mlima huo kutoka upande wao.

Kwenye mteremko wake amezikwa Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925. Ndiye aliyempokea Theodore Roosevelt katika shamba lake la Juja mwaka wa 1909. Karibu naye wamezikwa mkewe, Lady Lucie, na mtumishi wao, Louise Decker. Msomaji akikomea kwenye jina la bwana, atakuwa amesoma sehemu tu ya makaburi hayo.

Mlima huo ni mbuga ya taifa, kwa hivyo kuna ada ya kuingia. Mbogo bado wapo. Fuata maagizo ya askari wa wanyamapori.

Mfano wa nne: Ruiru, kumbukumbu isiyo na kibao

Kwa miaka mingi ya ukoloni, Mwafrika wa eneo hili aliruhusiwa kuchuma kahawa ya mlowezi, si kupanda yake. Mwaka wa 1985 kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Leo jina la mji huu liko shambani kwa wakulima wadogo, na historia hiyo inaweza kusomwa kwenye mche wenyewe.

Wajibu wa mkazi

Katiba imeiachia serikali ya kitaifa kumbukumbu zenye umuhimu wa kitaifa, na kuzipa kaunti jukumu la makavazi na shughuli za kitamaduni. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006, mahali pakitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa turathi, ni kosa kupaharibu. Lakini mahali pasipojulikana ni vigumu kulindwa, na pakishajengwa juu, ushahidi wake huondoka.

Usichore kwenye mawe, usivunje matawi, usichukue kitu. Ukiwa barabara kuu, tumia kivuko cha juu.

Zoezi la nyumbani

Chagua mahali pamoja katika wadi yako: mti, daraja, kiwanda cha zamani au kaburi. Jibu maswali manne. Kisha keti na mzee anayepajua, umwombe ruhusa, na uandike maneno yake pamoja na tarehe. Mweleze pia mtoto mmoja ulichosikia. Mugumo wa Thika ulianguka zaidi ya miaka 60 iliyopita, na waliouona ukiwa wima wanazidi kupungua kila mwaka.