TUJIFUNZE: Si Kila Jiwe la Kijani ni Kito

Ndugu mkazi wa Taita Taveta, jiwe la kijani si jambo geni kwako. Tsavoraiti, kito kilichopewa jina la Tsavo, kinawapa riziki wachimbaji wetu. Lakini kuna jiwe jingine la kijani ambalo kila anayechimba au kununua mawe afaa kulijua: torbernaiti.

Ni jiwe gani?
Limeitwa hivyo kwa heshima ya Torbern Bergman, mwanakemia wa Uswidi. Lina urani, shaba, fosfeti na maji. Shaba hulipa rangi ya kijani. Urani hulifanya litoe mionzi.

Linatokea wapi?
Maji ya ardhini yanapopita kwenye miamba yenye urani na shaba, huyayeyusha madini hayo na kuyaacha kwenye nyufa. Torbernaiti imepatikana Cornwall, Uingereza, na pia Katanga nchini Kongo, kwenye mgodi wa Shinkolobwe. Makala haya hayasemi kwamba limeonekana kwetu. Hata hivyo, mawe husafiri kwa biashara.

Utalitambuaje?
Huwa vipande bapa vya mraba, vyembamba kama magamba. Ni laini, hata ukucha waweza kulikwaruza, ilhali tsavoraiti hukwaruza kioo. Likipoteza maji yake, humeguka kwa urahisi. Usilijaribu kwa kulikwaruza, litazame tu.

Hatari iko wapi?
Sehemu kubwa ya mionzi ya urani haipenyi ngozi. Hatari kuu ni vumbi lake kuingia mwilini kwa kuvuta hewa au kwa chakula. Pia hutoa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo ikijaa kwenye chumba kisichopitisha hewa, huongeza uwezekano wa saratani ya mapafu.

Ukilishuku jiwe:
- Usilivunje, usilisage, wala usililambe ili kuona rangi yake.
- Usiliweke chumba cha kulala, wala usiwape watoto walichezee.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.
- Mwarifu afisa wa madini ili lipimwe kwa kifaa cha mionzi. Macho pekee hayaoni mionzi.

Kuuliza kabla ya kununua au kuvunja jiwe hakukupotezei chochote. Vumbi likishaingia mapafuni, kulitoa si rahisi.