Sanduku la Nguo na Heshima ya Mtu

Somo letu la mwezi huu ni jambo la nyumbani, nalo laweza kuonekana dogo: namna ya kulipanga sanduku la nguo, au kabati kwa aliye nalo. Lakini katika mitaa yetu wako watu wasiofika ibadani, wala mkutanoni, wala shuleni kuuliza habari za watoto wao, na wakiulizwa sababu hujibu, "Sina nguo." Mara nyingine ni kweli, na mtu huyo yafaa asaidiwe upesi. Lakini mara nyingi neno hilo hutoka katika nyumba yenye masanduku mawili yaliyojaa hata hayafungiki. Basi yatupasa kuuliza: mwenye nguo nyingi hivi, kwa nini ajione hana nguo?

1. Jinsi sanduku linavyojaa

Wazee wetu wakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa haba, viwanda vikakosa vipuri, na watu wakapanga foleni madukani ili wapate doti moja ya khanga. Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na baadaye mitumba ikaja kwa wingi. Watu wengine waliiita "kafa Ulaya", wakidhani kwamba wenyewe wamekwisha kufa. Mtu aliyeiona dhiki ile hatupi kitu, hata shati lisilo na mkono. Tusimcheke, aliweka akiba kwa sababu alijua kukosa.

Siku hizi hali imegeuka. Hapa Ngokolo, katika Manispaa ya Shinyanga, pako mahali paitwapo Mitumbani, na jina lenyewe laeleza biashara yake. Robota likifunguliwa, watu huchagua upesi, kila mmoja akiogopa kutanguliwa. Hivyo nguo hununuliwa kwa kuwa ni rahisi, si kwa kuwa yahitajiwa. Tena mwenye kupata fedha ya ghafla, kama vile mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita au Kahama, aweza kununua kwa siku moja nguo za mwaka mzima. Kisha fedha ikiisha, ana suruali kumi wala hana unga.

Iko na njia ya tatu, nayo yatuhusu sisi wenyewe: ni sare. Harusi ina kitenge chake, kwaya ina chake, umoja wa wanawake una chake, na sikukuu ina kingine kilichopigwa chapa ya mwaka, ambacho mwaka ukiisha wengi huona haya kukivaa. Sare ni nzuri, maana huonyesha umoja. Lakini ikibadilishwa mara kwa mara, mjane asiye na fedha ya kitenge husimama pembeni, au hukopa. Hapo kitambaa kilichokusudiwa kuwaunganisha watu kimewatenga.

2. Nguo na utu

Wengine husema, "Nguo si kitu, moyo ndio kitu." Neno hili si kweli yote. Huko Unguja utumwa ulipigwa marufuku kwa amri ya mwaka 1897. Kabla ya hapo wengi wa watumwa walivaa kaniki au merikani, nguo zisizo na pambo, na watu waliwatambua kwa mavazi hayo. Walipopata uhuru, wanawake waliiacha kaniki wakavaa khanga za rangi, na wanaume wakavaa kanzu na kofia. Hakuna aliyehitaji kuwaeleza maana yake. Walijua kwamba wao ni watu, nao walitaka mwili wao uonyeshe hivyo.

Lakini tuangalie vema. Khanga haikuwapa utu. Utu walikuwa nao hata katika kaniki, nayo khanga iliushuhudia tu. Basi nguo chache zilizo safi, zilizoshonwa, zinazomwenea mwenyewe, zatosha kwa ushuhuda huo. Na nguo mia zilizosongamana haziwezi kuutoa. Mwenye sanduku lisilopangwa huvuta kila asubuhi zile mbili zilizo juu, nazo zina makunyanzi; huona gauni lililomwenea kabla ya kuzaa, nalo humkumbusha mwili aliokuwa nao zamani; huona shati lisilo na vifungo, nalo humshtaki kwa uvivu. Si ajabu akisema hana nguo. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari," na sanduku ni mali pia.

3. Kazi yenyewe

Chagua siku ya kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Tandika mkeka au turubai, utoe nguo zote, usiache hata moja, kisha uzigawe katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni nguo zinazokuenea, ulizozivaa tangu mwaka jana. Fungu la pili ni zile zinazohitaji sindano: kifungo, zipu, pindo. Hizi uzipe mwezi mmoja; zisiposhonwa, ujue huzihitaji. Fungu la tatu ni nguo nzima usizozivaa. Hizi ni za kutoa au za kuuza. Fungu la nne ni zilizochakaa, nazo hukatwa matambara ya kufutia na ya kudekia. Usizichome ovyo, maana nyingi za siku hizi ni za nailoni na poliesta, na moshi wake ni mbaya kifuani.

Kwa habari ya kutoa, shika sheria moja: usitoe nguo ambayo ungeona haya kumkabidhi mtu mkono kwa mkono. Ifue, ishone, ikunje. Nguo za ndani zilizovaliwa usimpe mtu. Hata Shirika la Viwango Tanzania limekataza kuziuza. Tena mpe mtu faraghani, na ukishampa usimwangalie Jumapili ili kuona kama ameivaa.

Zilizobaki zifuliwe, zianikwe upande wa ndani ukitazama jua ili rangi isipauke, nazo zikauke kabisa kabla ya kukunjwa, kwa maana unyevu huleta koga. Nzito ziwe chini, nyepesi juu, za kazini upande mmoja na za ibada upande mwingine. Sanduku liwekwe juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa katika kitambaa husaidia kufukuza wadudu. Mwisho, kila mtu wa nyumba ahesabu zake mwenyewe, hata mtoto, maana anayejua alicho nacho hadanganyiki kwa urahisi sokoni.

4. Nguo za marehemu

Hapa yatupasa kwenda polepole. Katika nyumba nyingi liko sanduku ambalo halifunguliwi, kwa kuwa nguo zilizomo ni za mume, au mama, au mtoto aliyefariki. Mtu asimwamuru mwenye msiba kuzitoa, wala ndugu wasizigawe bila yeye. Lakini siku akiwa tayari, na achague moja au mbili za ukumbusho, azifue na kuzitunza vema. Nyingine zikamsitiri aliye hai. Koti la baba likivaliwa na kijana anayekwenda kazini halijapotea.

5. Neno kwa walimu na wazee wa usharika

Tukiwafundisha watu kupunguza nguo, kisha tukatangaza sare mpya kila sikukuu, tunabomoa kwa mkono mmoja tulichojenga kwa mwingine. Yafaa sare moja idumu miaka kadhaa, nayo iwe kitambaa cha kuvalika siku zote, kisicho na tarehe. Asiye nayo asikatazwe kuimba. Na yule asiyefika kwa ajili ya nguo, atembelewe nyumbani kwake kwanza, naye aulizwe kwa upole: je, hana nguo, au ana nguo asizozijua? Aliyekosa apewe, aliyesongwa asaidiwe kupanga. Wote wawili waambiwe kwamba nafasi yao i wazi, hata kabla sanduku halijafunguliwa.

Maswali ya kuzungumza

1. Nyumbani mwako zimo nguo ngapi ambazo hazijavaliwa tangu mwaka jana? Ni nini kilichokufanya uzinunue?
2. Je, katika usharika wenu yuko aliyeacha kuimba kwa kukosa sare? Mtafanya nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya nguo inayoushuhudia utu na nguo ya kujionyesha?