Damu ya Mzee Inajibu Nini?
Vipimo vya kisukari na moyo kwa waliovuka miaka 60

Kisukari na ugonjwa wa moyo huweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu. Kwa mzee, hata dalili zinapojitokeza husingiziwa uzee: kiu, uchovu, kuamka usiku kukojoa, miguu kufa ganzi. Vipimo vya damu hubaini tatizo mapema, lakini kila kipimo kina swali lake.

Sukari ya asubuhi

Mzee asile kwa saa 8 kabla ya kupimwa. Maji anywe, chai isubiri, hata ya rangi. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari aulize kwanza dawa za siku hiyo atumie vipi.

- Chini ya 6.1: kawaida.
- 6.1 hadi 6.9: imepanda, bado si kisukari.
- 7.0 au zaidi: kisukari. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine ili kuthibitisha.

Hizi ni milimoli kwa lita. Mashine nyingine husoma kwa miligramu, ambako 126 ndiyo hiyo hiyo 7.0. Tazama kizio kabla ya kushtuka.

Sukari ya miezi mitatu (HbA1c)

Sukari hunata kwenye seli nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Ndiyo maana aliyejinyima wali siku mbili kabla ya kliniki bado atajulikana. Kipimo hiki hakihitaji kufunga. Asilimia 6.5 au zaidi ni kisukari. Mwenye selimundu, upungufu wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni amweleze mhudumu, kwani majibu yake yanaweza kupotosha.

Kwa mzee dhaifu mwenye maradhi mengi, daktari anaweza kuridhika na asilimia 8 hivi. Sukari ikishushwa mno, mzee huanguka. Akitokwa jasho, akitetemeka au akianza kusema yasiyoeleweka, mpimeni. Ikiwa chini ya 3.9, au hamna mashine, mpeni nusu glasi ya soda yenye sukari. Aliyezimia asiwekewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mafuta kwenye damu

Lehemu mbaya (LDL) hujijenga kwenye kuta za mishipa na kuifanya myembamba. Daktari huisoma pamoja na umri, presha, sukari na uvutaji sigara. Mzee mwembamba naye apimwe. Wembamba si kinga. Majibu yakiwa mazuri kwa anayemeza dawa ya lehemu, ni dawa inayofanya kazi. Asiiache bila ushauri.

Figo

Kisukari na presha huharibu figo. Mwenye kisukari apimwe kreatinini ya damu na protini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Majibu hayo humsaidia daktari kupanga dozi, hasa ya metformini.

Troponini: kipimo cha dharura

Msuli wa moyo ukijeruhiwa, troponini huvuja na kuingia kwenye damu. Hiki ni kipimo cha hospitali, kwa anayeshukiwa kupata shambulio la moyo. Mzee mwenye kisukari anaweza kushambuliwa bila maumivu ya kifua: anakosa pumzi ghafla, anatokwa jasho jembamba, anatapika au anaishiwa nguvu. Msisubiri kuche. Kipimo cha kwanza kikiwa safi, mara nyingi hurudiwa baada ya saa chache, hivyo msiharakishe kumrudisha nyumbani.

Kazi ya familia

- Wekeni daftari moja: tarehe, kipimo, majibu na kizio.
- Nendeni kliniki na dawa zote anazotumia, za mitishamba pia.
- Mpimeni presha kila anapohudhuria. Damu haiwezi kuionyesha.
- Kabla ya kuondoka, ulizeni: "Namba hii ina maana gani kwake, na arudi lini?"